Mashine ya Kukaushia Nguo: Njia ya Hewa Ikiziba, Nyumba Imo Hatarini

Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Novemba, huwatia taabuni watu wote wa Kampala wenye nguo za kufua. Juu ya kilima cha Mengo, tangu Bulange mpaka ukuta wa Lubiri, na chini yake huko Katwe, Ndeeba na Kisenyi, nguo huanikwa asubuhi jua likiwaka, na kabla ya adhuhuri wingu zito huja kutoka upande wa Ziwa Viktoria likaharibu kazi yote. Sare za shule za watoto, nepi za mtoto mchanga na kombati za baba aliye zamu ya usiku, zote hurudi ndani zikiwa mbichi.

Kwa sababu hiyo baadhi ya nyumba za mjini, hasa zile za orofa zisizo na uwanja wa kuanikia, zimeanza kutumia mashine ya umeme ya kukaushia nguo. Nyumba nyingine zisizokuwa na mashine hiyo hutundika nguo karibu na jiko la makaa, yaani sigiri, ili zikauke kabla ya alfajiri. Njia hizi mbili zaonekana kuwa mbalimbali sana, lakini sheria yake ni moja: joto linalokausha nguo ni lazima liwe na njia ya kutokea nje. Njia hiyo ikiziba, mashine yaweza kuiteketeza nyumba, na sigiri yaweza kuwaua waliolala.

JINSI MASHINE IFANYAVYO KAZI

Mashine ya kukaushia ni pipa la bati lizungukalo, lililo ndani ya sanduku. Kipasha joto hupasha hewa, na feni huivuta hewa hiyo ikapita kati ya nguo zinazozunguka. Hewa ya moto huchukua unyevu wa nguo, kisha hutoka nyuma ya mashine kwa njia ya bomba mpaka nje ya ukuta. Nguo zenye uzito wa kilo 5 zikiwa kavu, hata zikisha kukamuliwa kwa mashine ya kufulia, huweza kubaki na maji ya lita 2 au 3. Maji yote hayo hayana budi kupita katika bomba yakiwa mvuke.

Pamoja na mvuke huo hutoka vumbi laini la nyuzi za nguo, jepesi na jeupe kama usufi wa mtoni. Kila nguo inapozunguka hupunguka kidogo. Taulo, mablanketi na sweta ndizo zitoazo usufi mwingi zaidi. Mbele ya mashine, au juu yake, mna chujio la kuuzuia usufi huo, lakini chujio halizuii wote. Uliobaki huenda na hewa, ukajishika kwenye kila pindo la bomba, na kwa kuwa hewa ina unyevu, hugandamana kama udongo wa ukuta.

USUFI NI KUNI

Kila ajuaye kuwasha moto anajua kwamba pamba kavu hushika moto upesi kuliko gogo. Usufi wa nguo ni pamba hiyo hiyo, ila ni laini zaidi. Bomba likianza kuziba, hewa ya moto hukosa pa kwenda, joto hupanda ndani ya sanduku, na mashine hulazimika kufanya kazi muda mrefu zaidi. Kifaa cha kukata umeme joto likizidi huchoka kwa kutumika kila mara. Siku kinaposhindwa, kipande kimoja cha usufi kikigusa kipasha joto chatosha kuwa kiberiti, na bomba lililojaa usufi huwa ndilo la kuupeleka moto ukutani na darini.

Haya si maneno ya kutishia watu. Huko Marekani, ambako mashine hizi zimo katika nyumba nyingi, idara ya serikali ihusikayo na moto ilikadiria kwamba kati ya mwaka 2008 na 2010 mioto ya majumbani itokanayo na mashine za kukaushia ilikuwa kama 2,900 kila mwaka, nayo iliua watu kama 5 na kuwajeruhi kama 100 kwa mwaka. Sababu iliyoongoza, katika mioto 34 kwa kila 100, ilikuwa ni kutosafisha. Huko London, katika mtaa wa Shepherd's Bush, tarehe 19 Agosti 2016 mashine moja ilishika moto katika orofa ya 7 ya jengo refu, na moto ukapanda orofa za juu. Hakuna aliyekufa, lakini jamaa nyingi zililazimika kuhama. Mashine hiyo ilikuwa ya aina iliyokwisha kutolewa onyo kwamba usufi waweza kukigusa kipasha joto.

DALILI ZA BOMBA LILILOZIBA

Mashine haizibi kwa siku moja, nayo hutoa habari mapema kwa yule anayeitazama. Dalili ya kwanza ni nguo kuchelewa kukauka: zilizokuwa zikikauka kwa mzunguko mmoja sasa zahitaji miwili. Ya pili, mwili wa mashine na nguo zenyewe huwa za moto kupita kawaida. Ya tatu, chumba hujaa unyevu, kioo cha dirisha hutoa jasho na ukuta huanza kuota ukungu. Ya nne, kifuniko chepesi kilichoko nje mwisho wa bomba hakiinuki mashine inapofanya kazi. Ya tano ni harufu ya kitu kinachoungua. Harufu hiyo ikisikika, mashine izimwe pale pale wala isiwashwe tena mpaka bomba limekaguliwa.

KUSAFISHA HATUA KWA HATUA

Kazi hii haihitaji ufundi mkubwa. Huhitaji bisibisi, burashi yenye mpini mrefu unaopindika, glavu, kitambaa cha kufunika pua na mdomo, na kama ipo, mashine ya kufyonza vumbi. Yafaa ifanywe na watu wawili, mchana, siku isiyo na mvua.

1. Mashine izimwe na plagi ichomolewe kabisa katika soketi. Kuzima swichi ya mashine pekee hakutoshi. Kisha iachwe ipoe muda wa saa moja. Ikiwa mashine hutumia gesi, valvu ya gesi ifungwe, na bomba la gesi liachiwe fundi wa gesi. Mtu asiyejua asiliguse.

2. Watu wawili waivute mashine polepole kutoka ukutani, wakiangalia waya na bomba visikazwe wala kukanyagwa. Watoto wakae mbali.

3. Kibanio kinachoshika bomba nyuma ya mashine kilegezwe kwa bisibisi, na bomba litolewe. Hapo ndipo uchafu mwingi utakapoonekana kwa macho.

4. Usufi ulio karibu utolewe kwa mkono wenye glavu. Ulio mbali usuguliwe kwa burashi, ikizungushwa polepole na kuvutwa nje. Tundu la nyuma ya mashine lisafishwe vivyo hivyo, pamoja na sakafu na ukuta uliofichwa na mashine. Fimbo yenye ncha au waya mkali visitumike, kwa maana huweza kutoboa bomba.

5. Usufi usichomwe ungali ndani ya bomba kwa kudhani kwamba moto utasafisha. Wala petroli, mafuta ya taa au dawa yoyote ya kushika moto isimiminwe humo. Kufanya hivyo ni kuutega moto nyumbani kwa mkono wa mwenye nyumba.

6. Mtu aende nje akague mdomo wa bomba. Katika mji wetu ndege hujenga viota humo, nyigu huweka nyumba zao na mijusi hujificha. Vyote viondolewe, na kifuniko kijaribiwe kama chafunguka na kujifunga chenyewe. Wavu wenye matundu madogo usiwekwe mdomoni, kwa sababu hunasa usufi na kuziba upesi. Kifuniko kizima chatosha kuwazuia wadudu na ndege. Mdomo ukiwa juu, ngazi ishikwe na mtu wa pili.

7. Bomba lirudishwe na kukazwa, mashine isukumwe mahali pake bila kulikunja wala kulibana bomba, kisha iwashwe ikiwa tupu kwa dakika chache. Mtu aliye nje aweke mkono mbele ya mdomo wa bomba. Akisikia hewa ya moto ikitoka kwa nguvu, kazi imekwisha. Ikitoka kwa unyonge, bado kuna kizuizi, na aitwe fundi.

Kazi hiyo ifanywe angalau mara moja kwa mwaka. Kwa nyumba ya watu wengi, yafaa mara mbili: mwezi wa Februari kabla ya masika, na mwezi wa Agosti kabla ya vuli. Lakini chujio halingojei mwezi. Lisafishwe kila baada ya fungu moja la nguo, na mara kwa mara lioshwe kwa sabuni na burashi laini, kwani dawa za kulainisha nguo huacha utando usioonekana unaozuia hewa. Likisha kuoshwa likaushwe vizuri ndipo lirudishwe.

Zipo mashine zisizo na bomba la nje, ambazo hugeuza mvuke kuwa maji na kuyaweka katika tangi dogo. Hizo nazo si salama kwa kuachwa. Tangi limwagwe kila baada ya kazi, na sehemu ya kupozea mvuke isafishwe usufi kama kitabu cha mashine kinavyoagiza.

BOMBA NA UMEME

Mara nyingi kosa hutokea siku mashine inapofungwa. Bomba la plastiki, au lile la karatasi nyembamba ya madini lenye mikunjo mingi, halifai. Mikunjo hunasa usufi, na plastiki huyeyuka na kuwaka. Bomba jema ni la bati gumu, laini ndani, lenye upana wa kama sentimita 10, fupi na lililonyoka iwezekanavyo. Kila kona hupunguza nguvu ya hewa.

Wakazi wa Mengo wana bahati ya kuwa karibu na Katwe, mahali palipojulikana kwa mafundi wa bati na vyuma. Fundi atakayekunja bomba aelezwe mambo mawili. Kwanza, vipande viungwe hivi kwamba kile cha karibu na mashine kiingie ndani ya kile kifuatacho, ili usufi usigonge ukingo. Pili, skrubu zisitokeze ndani ya bomba. Viungo vifungwe kwa vibanio au kwa utepe wa alumini. Nalo bomba liishie nje ya nyumba kabisa. Lisiishie darini, wala chini ya sakafu, wala ndani ya dohani ya jikoni.

Mashine nyingine huletwa kutoka ng'ambo zikiwa zimekwisha tumika. Kabla ya kununua, fundi wa umeme asome kibao chake. Umeme wa Uganda ni wa volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde, hali ule wa Marekani una mizunguko 60, na mota za mashine zake nyingi ni za volti 120. Mota ya namna hiyo, hata ikibadilishiwa volti, huzunguka polepole zaidi hapa, na feni yake husukuma hewa kidogo. Tena mashine hii hula umeme mwingi, aghalabu wati 2,000 na zaidi. Ipewe soketi yake yenyewe yenye waya wa ardhi, wala isiunganishwe kwa waya wa kurefushia pamoja na pasi na jiko.

NGUO ZISIZOFAA KUTIWA

Katika nyumba za askari na polisi jambo hili lina uzito wa pekee. Ovaroli ya fundi wa magari iliyolowa mafuta, kitambaa cha kusafishia silaha na kile cha kung'arishia viatu, vyote vimebeba vitu vinavyoshika moto, na kufuliwa mara moja hakuviondoi vyote. Kitambaa chenye mafuta ya kupikia nacho huweza kujipasha joto chenyewe kikirundikwa kingali moto. Vitu hivyo vikaushwe nje, kwenye hewa. Viatu au mito yenye mpira wa povu pia isitiwe.

Mifuko ya sare ikaguliwe kabla ya kufua na tena kabla ya kukausha. Kiberiti cha gesi, kalamu, na hata risasi iliyosahauliwa ni hatari katika pipa la moto. Mashine isiachwe ikifanya kazi watu wamelala au wametoka, nayo iachwe imalize dakika zake za mwisho za kupoza nguo. Nguo zikitolewa zitandazwe, zisilundikwe.

SIGIRI SI MASHINE YA KUKAUSHIA

Wazo la kukausha nguo juu ya moto ni la zamani. Tangu mwanzo wa karne ya 19 Mfaransa aliyeitwa Pochon alikuwa na pipa la bati lenye matundu, likizungushwa kwa mkono juu ya moto. Nguo zilitoka na harufu ya moshi na masizi, na nyingine ziliungua. Mwaka 1892 Mmarekani mweusi George T. Sampson alipata hataza ya vyuma vya kutundikia nguo karibu na jiko, ili joto lizifikie bila moto kuzigusa. Kutoka hapo watu walijifunza kulitenga joto na mwali, na kuitoa nje hewa iliyokwisha kutumika.

Nyumba inayowasha sigiri chumbani usiku ili kukausha nguo inarudi nyuma ya mafunzo hayo yote. Hatari si nguo kuanguka juu ya makaa tu. Makaa mekundu yasiyotoa moshi ndiyo yanayodanganya: hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata damu ikashindwa kubeba hewa mwilini. Mtu huanza kuumwa kichwa, hupata kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Aliyekwisha lala hana la kumwamsha. Madirisha yaliyofungwa kwa ajili ya mvua na mbu ndiyo yanayokamilisha balaa.

Kwa hiyo sigiri iwashwe na kutumika nje, wala isiingizwe chumbani kwa kukausha nguo au kuota moto. Makaa yazimwe kabla ya kulala. Pasi ya makaa nayo itumiwe milango na madirisha yakiwa wazi, na isiachwe chumbani baada ya kazi. Mtu akionekana kulegea katika chumba chenye makaa, atolewe nje mara moja kwenye hewa safi, milango ifunguliwe, naye apelekwe hospitali hata kama amezinduka.

JUA BADO NI BORA

Kwa asiye na mashine, mvua si kisingizio cha makaa. Nguo zikamuliwe sana, zitikiswe, na zianikwe chini ya paa la baraza zikiwa zimeachana, upepo upite katikati. Nzito na nyepesi zisichanganywe kamba moja. Ikibidi kuanika ndani, madirisha ya pande mbili yafunguliwe, kwa kuwa upepo hukausha hata pasipo joto.

Zisitandazwe majanini wala juu ya udongo. Yuko nzi, ajulikanaye na wengi kwa jina la nzi wa maembe, atagaye mayai kwenye mchanga wenye mkojo au jasho na kwenye nguo zenye unyevu. Funza wake hupenya ngozi na kukua humo kama jipu. Kupiga pasi yenye moto kila upande wa nguo, hata nepi na nguo za ndani, huua mayai hayo. Pasi hiyo pia humalizia unyevu uliobaki, bila haja ya makaa ya usiku.

MOTO UKITOKEA

Moto ukionekana ndani ya mashine, mlango wake usifunguliwe, kwa maana hewa mpya huulisha moto. Swichi kuu ya umeme izimwe ikiwa yafikika bila hatari. Maji yasimwagwe penye umeme. Watu wote watoke, mlango wa chumba ufungwe nyuma yao, na asirudi mtu kufuata mali. Kikosi cha Zimamoto na Uokoaji nchini Uganda kimo ndani ya Jeshi la Polisi, nacho huitwa kwa simu namba 999 au 112. Aitaye aseme mtaa, jengo na alama iliyo karibu, kwa kuwa njia za kilima cha Mengo ni nyingi na nyembamba.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mashine ya kukaushia methali hii yafaa kugeuzwa: usipozibua tundu utajenga nyumba. Kazi ya mchana mmoja, mara mbili kwa mwaka, yatosha kuliacha tundu hilo wazi.